Mkurugenzi wa Kutotokea kwa Ajali

Nyange alikuwa amelikumbatia sanduku la kijani lenye gurudumu bovu, kiganja chake kimoja kikiwa kwenye ubavu wa ndege, akisubiri shemeji yake agonge.

Ndani ya tumbo la ndege, pale mizigo inapopangwa, hakuna mtu anayesimama. Dari liko chini mno. Aliye ndani hufanya kazi kwa magoti: anapokea, anageuka, anasukuma, anapanga, anageuka tena. Aliye nje hamwoni, na injini za ndege za jirani zikianza kunguruma, hamsikii. Kwa hiyo wapakiaji wa kiwanja kile walikuwa na desturi yao, ambayo haikuandikwa popote na hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha. Aliye ndani hugonga bati kwa vifundo vya vidole. Akigonga mara moja, maana yake leta. Akigonga mara mbili, subiri. Aliye nje huweka kiganja kwenye ubavu wa ndege, na mtetemo humfikia mkononi hata kama sikio halikusikia kitu. Mpakiaji anayeleta mzigo kabla hajagongewa alihesabiwa kuwa mtu asiyefaa kuachiwa hata mbuzi.

Chande aligonga mara moja. Nyange akaliweka sanduku kwenye mkanda wa kupandishia, akabonyeza kitufe, likapanda. Baada ya kitambo kichwa cha Chande kikajitokeza mlangoni, kimelowa jasho.

"Shemeji, hili la kijani lina nini ndani?"

"Lebo inasema leso."

"Basi mwenye leso hizi akipiga chafya nyumba inaanguka."

Nyange alitabasamu, akainama kuchukua lingine. Chande alikuwa mume wa dada yake, na kwa ushemeji huo alikuwa na haki ya kusema lolote, naye aliitumia haki hiyo tangu asubuhi hadi jioni. Nyange alikuwa na haki ileile, lakini aliitunza.

Suala la leso halikumshangaza. Nchi ile (ilikuwa na jina, ila mwaka huo jina lilikuwa limepelekwa kwenye kamati kufanyiwa marekebisho, na raia walikuwa wameombwa wavumilie) ilikuwa imepiga marufuku mizigo mizito. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba mizigo mizito ndiyo inayoumiza migongo. Marufuku ilifanikiwa sana. Tangu siku ilipotangazwa, hakuna mzigo mzito hata mmoja uliopita kiwanjani. Iliyokuwa mizito ilibandikwa lebo mpya.

*

Kwenye lango la kiwanja kulikuwa na ubao mkubwa wa rangi ya kijani na nyeupe, ulioonyesha idadi ya siku ambazo kiwanja kimekaa bila ajali. Idadi ilikuwa kubwa. Waliopiga hesabu waliona kwamba ilianza kabla kiwanja hakijajengwa, wakaelezwa kuwa kipindi kile, mahali pale palipokuwa pori, hapakutokea ajali yoyote ya mizigo, na si haki kuwanyima wananchi siku zao.

Aliyeulinda ubao ule aliitwa Dakta Mtambalike, Mkurugenzi wa Kutotokea kwa Ajali. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu visafi, na hakuwahi kumkaripia mtu. Wengi walimsema vibaya baadaye. Lakini ukweli usemwe: alikuwa akilala vibaya kwa ajili ya ubao ule, na kila asubuhi aliufuta vumbi mwenyewe.

Wiki ya Usalama ilipofika, Dakta Mtambalike aliwakusanya wapakiaji chini ya hema, mbele yao likiwa jukwaa lenye maua ya plastiki.

"Ndugu zangu wapakiaji," alisema, "mgongo ni rasilimali ya taifa. Anayeuvunja mgongo wake ameharibu mali ya umma. Serikali yenu haipendi kumshtaki mtu kwa sababu ya mgongo wake mwenyewe. Lakini uwezo huo tunao."

Wakapiga makofi.

Akawaonyesha mkanda wa kukaza kiuno, ule wanaovaa watu wanaoinua vitu vizito. Wahisani walikuwa wameleta makasha mazima ya mikanda hiyo. Baada ya kamati kugawiwa, na wake wa kamati, na kikundi cha ngoma cha wizara ambacho nacho huinama sana, ulibaki mmoja. Huo ungewekwa langoni ndani ya kioo, ili kila mpakiaji aingiapo kazini auone na kupata moyo. Kuuvaa kungeuchakaza.

Kisha akawafundisha kuinua mzigo, nao wakaitikia kwa pamoja kama watoto wa chekechea: "Piga magoti. Nyoosha mgongo. Kumbatia mzigo. Inuka kwa miguu."

Nyange aliyapenda maneno yale. Aliona ni maneno mazuri na ya kweli, na aliyarudia moyoni ili asiyasahau. Pembeni yake Chande alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa Dakta, sisi wa tumboni tukinyoosha mgongo, kichwa kinafika darini kabla ya mgongo kunyooka. Tufanyeje?"

Dakta Mtambalike alitafakari.

"Dari hilo," alisema hatimaye, "ni la mpito."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mwanzo.

"Umesikia?" Chande alimnong'oneza Nyange. "La mpito. Leo nikifika nyumbani namwambia dada yako kwamba hata ukali wake ni wa mpito."

"Mwambie. Mimi saa hiyo nitakuwa mbali."

"Unaniacha peke yangu? Na wewe ni ndugu?"

"Mimi ni ndugu yake yeye."

Tangazo la mwisho lilisomwa watu wakiwa wameanza kuinuka. Abiria wa viti vya mbele walikuwa wamelalamika kwamba chini ya miguu yao husikika kugongagonga, kana kwamba kuna mtu. Uongozi ulikuwa umewahakikishia kuwa hakuna mtu. Ili kuliheshimu neno hilo la uongozi, kugonga kulipigwa marufuku kuanzia siku hiyo.

*

Siku ya kufunga Wiki ya Usalama, nchi ilisafirisha Sanamu ya Mgongo Wima. Ilikuwa sanamu ya shaba ya mpakiaji aliyesimama wima huku akitabasamu, mikononi ameshika sanduku kwa vidole viwili. Ilikuwa zawadi kwa Jumuiya ya Mataifa Yasiyo na Ajali, ambako ujumbe wa nchi ungeifuata baada ya siku chache ili kupokea Kombe la Mgongo. Sanamu ilitiwa ndani ya kasha la mbao, na kasha likabandikwa lebo: KARATASI.

Bendi ya polisi ilipiga muziki karibu na bawa. Wageni walisimama kwenye zulia. Nyange na wenzake wanne walilisukuma kasha hadi kwenye mkanda, na magurudumu ya toroli yaliacha mifereji kwenye lami. Wenzake wakaondolewa haraka, kwa sababu karatasi hazipakiwi na watu watano.

Nyange akaweka kiganja kwenye ubavu wa ndege. Akasubiri.

Dakta Mtambalike alimsogelea taratibu, akiwa bado anawatabasamia wageni.

"Mbona umesimama?"

"Nasubiri agonge, mheshimiwa."

"Kugonga kumekatazwa."

"Ndiyo, mheshimiwa. Ndiyo maana nasubiri."

"Atagongaje na kumekatazwa? Utasubiri hadi lini?" Sauti ya Dakta haikuwa ya ukali hata kidogo. Ilikuwa kama ya mtu anayemsaidia mwenzake hesabu. "Wageni wanatutazama, ndugu yangu. Bonyeza."

Nyange alifikiria kwamba Chande angekuwa ameshamaliza kupanga. Alifikiria kwamba Dakta ni mtu aliyesoma. Alifikiria mambo hayo mawili, na kidole chake kikabonyeza.

Chande alikuwa amepiga magoti, ameupa mlango mgongo, anakaza kamba ya mizigo ya nyuma. Kwenye kiganja chake Nyange alihisi kugongwa mara mbili, haraka, kwa nguvu. Subiri. Marufuku au si marufuku, mkono wa Chande ulikuwa umekumbuka. Kasha lilikuwa limeshavuka mlango.

Bendi iliendelea hadi mwisho wa wimbo.

*

Ajali haikutokea. Hilo liliamuliwa palepale, kabla Chande hajatolewa.

Lakini palikuwa na mtu amelala tumboni mwa ndege, na miguu yake haikumsikiliza, na ndege ilipaswa kuruka. Dakta Mtambalike alifungua kitabu cha kanuni akakipekua kwa uaminifu. Hakuna kanuni iliyomtaja mpakiaji aliyeumia, kwa kuwa hayupo. Kuhusu mizigo kulikuwa na sura nzima. Kitu chochote kinachokutwa ndani ya ndege, kisichoweza kutoka chenyewe, ni mzigo uliosahaulika. Kitunzwe mahali pakavu, kiepushwe na jua, kisirushwe, kisiwekewe kitu kizito juu yake, hadi mwenyewe atakapojitokeza.

Kwa hiyo Chande alishushwa taratibu mno, na watu wanne, juu ya godoro. Kwenye kifundo cha mkono alifungwa lebo nyekundu: KINAVUNJIKA, SHIKA KWA UANGALIFU.

Nyange alikuwa ameshika upande wa kichwa.

"Shemeji," Chande alisema kwa sauti nyembamba, akiitazama lebo, "miaka yote hii nabeba vitu vyenye karatasi hii. Leo ndiyo nimejua raha yake."

"Nilibonyeza mimi, Chande."

"Najua. Nani mwingine angekuwepo hapo?" Akafumba macho. "Usimwambie dada yako kwa haraka. Mwache ale kwanza."

*

Stoo ya Mizigo Isiyodaiwa ilikuwa chumba kirefu nyuma ya karakana. Mlinzi wake alikuwa Bi Hidaya, mwanamke mnene mwenye kikohozi, aliyemweka Chande kati ya baiskeli ya mtoto na ngoma moja kubwa, akampa mto aliouchomoa kwenye sanduku ambalo mwenyewe hakutokea. Alimletea uji kutoka kwao. Kanuni hazikusema kwamba mizigo hunywa uji, wala hazikusema kwamba hainywi.

Siwema, mke wa Chande na dada yake Nyange, alifika kwenye dirisha la stoo kila siku, na kila siku aliambiwa dirisha limefungwa, mkubwa mwenye muhuri yuko kwenye maandalizi ya safari ya Kombe. Nyange, zamu ikiisha, alipita nyuma ya stoo na kugonga ukuta mara moja. Ndani mkono uligonga mara mbili. Subiri. Ndipo akaenda nyumbani.

Hatimaye Dakta Mtambalike alikaa dirishani mwenyewe.

"Mama, unadai mzigo gani?"

"Nadai mume wangu."

"Uelezee, ili tuhakikishe ni wako. Uliwahi kusafiri nao?"

"Sijawahi kupanda ndege mimi, baba. Na yeye hajawahi kukaa kwenye kiti cha ndege. Tumesafiri kwa miguu tu, tangu ujana."

Dakta akaandika. "Rangi?"

"Mweusi wa kung'aa. Ana kovu hapa nyusini, alianguka akifukuzwa na bata."

Nyange, aliyesimama nyuma yake, alitazama chini. Hakuwa amewahi kuambiwa habari ya bata.

"Yaliyomo ndani," Dakta alisema. "Kwa kawaida mwenye sanduku hutaja vilivyomo. Kwa ukamilifu, tafadhali, ili baadaye tusilaumiane."

Siwema alivuta khanga begani. Kisha akaanza kutaja, polepole, kama mtu anayetoa vitu kabatini.

"Ndani yake kuna utani mwingi, mwingine hauchekeshi. Kuna hofu ya radi, ingawa atakwambia anaogopea kuku. Kuna wimbo mmoja anaoujua nusu, anaimba nusu hiyohiyo anapooga. Kuna binti yetu aliyefariki mdogo. Hamtaji, lakini yumo. Kuna njaa ya saa kumi jioni. Na kuna mgongo uliovunjika."

Kalamu ya Dakta ilikuwa imefuata yote hayo. Hapo ikasimama.

"Hilo la mwisho siwezi kuliandika, mama."

"Ndilo nililojia."

"Sikiliza, mama yangu. Nikiandika kimevunjika, kilivunjikia wapi? Kikivunjikia hapa, ajali imetokea. Ajali haijatokea, ubao uko nje, umeuona. Na mzigo ulioharibika hautoki stoo hadi uchunguzi uishe, na uchunguzi wa ajali ambayo haijatokea hauwezi kuanza." Alisema kwa upole, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Lakini ukisema ni mzima, unamchukua sasa hivi."

"Nikisema ni mzima, hospitali watampokea?"

"Mtu mzima anakwenda hospitali kufanya nini?"

"Na kazini?"

"Mtu mzima anakwenda kazini kama kawaida." Akainama karibu na dirisha, akashusha sauti, na hapo alikuwa mkweli kabisa. "Vumilieni mpaka tupokee Kombe. Ni siku chache. Tukirudi, hesabu ya mwaka itakuwa imefungwa. Hapo anaweza kuumwa kwa uhuru kabisa, na mimi mwenyewe nitamtafutia gari la kumpeleka. Akikosekana kazini kabla ya hapo, itabidi nieleze kwa nini. Na nikieleza, hakuna gari, hakuna nyumba mliyopewa na kiwanja, hakuna Chande. Itakuwa hakuwahi kuajiriwa."

Siwema aligeuka akamtazama mdogo wake. Nyange angetaka dada yake amlaumu. Badala yake alimuuliza kwa macho kama ataweza kumbeba Chande hadi kazini, naye Nyange akaitikia kwa kichwa.

"Ni mzima," Siwema alisema.

Muhuri ukagongwa: MZIMA.

Bi Hidaya alifungua mlango wa stoo. Nyange alipiga magoti pembeni ya godoro. Akanyoosha mgongo. Akamkumbatia Chande hadi kifuani, akainuka kwa miguu. Tangu mafunzo yatolewe katika kiwanja kile, hakuna mzigo uliowahi kuinuliwa kwa usahihi namna ile, na Dakta Mtambalike, aliyekuwa akitazama, alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akatazama pembeni.

"Umepungua," Nyange alisema njiani.

"Uji wa Bi Hidaya ni maji yaliyosikia habari za unga," Chande alisema. "Usimwambie. Alinipa mto."

*

Kuanzia hapo, alfajiri Nyange alimbeba shemeji yake mgongoni mpaka kwenye gari la wafanyakazi, akampitisha langoni mbele ya mkanda ulio ndani ya kioo, akamsogeza hadi chini ya ndege na kumpandisha kwa mkanda wa mizigo, taratibu, kiganja kikiwa juu ya kitufe. Kisha akapanda mwenyewe na kumlaza pembeni, juu ya turubai lililokunjwa, karibu na bati; ndege ikikaribia kuruka, alimshusha vivyo hivyo. Jina la Chande lilijibiwa "yupo" kwenye mahudhurio, na kweli alikuwepo.

Nyange alifanya kazi ya watu wawili. Alipakia nje, akapanda ndani, akapanga kwa magoti, akashuka. Wapakiaji wenzake walijua wote. Hawakusema kitu, ila walipomaliza ndege zao walipita na kumshikia sanduku moja moja. Kugonga hakukuhitajika tena, maana hakukuwa na mtu ndani wa kupokea. Lakini Chande hakukubali.

"Mimi nipo kazini au sipo?"

"Upo."

"Basi usilete mzigo kabla sijagonga. Ulileta mmoja, umeona."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jambo lile, na alilitaja kama utani, na Nyange aliona kuwa amepewa kitu kikubwa sana, hakujua akiweke wapi. Tangu hapo alisubiri. Kila sanduku, hata mkoba wa mtoto, alilishikilia, kiganja kikiwa kwenye ubavu wa ndege, mpaka vifundo vya Chande vigonge mara moja. Kazi ilichelewa. Dakta Mtambalike alijua kwamba kugonga kumerudi, akajifanya hasikii, kwa sababu abiria wa viti vya mbele siku hizo walikuwa wachache.

Usiku Siwema alimgeuza, akamwosha, akamkanda miguu ambayo haikujua kama inakandwa. Homa ilianza, ikaenda, ikarudi na kukaa. Alimpeleka zahanati ya mtaa. Tabibu aligusa paji la uso lililokuwa likiungua, akasoma muhuri wa MZIMA, akasema kwa huruma kwamba yeye ni tabibu mdogo tu na muhuri ule ni wa wizara.

"Siku zinakwisha," Siwema alimwambia mumewe akimnywesha maji kwa kijiko. "Wakirudi na hilo kombe lao, unakwenda hospitali kubwa."

"Nitakwenda nalo kichwani," Chande alisema. "Linikinge mvua."

*

Ujumbe wa kupokea Kombe la Mgongo ulipanda ndege mchana kweupe, ngoma zikipigwa. Dakta Mtambalike alikuwa amevaa suti mpya. Chini, Nyange alikuwa amemlaza Chande mahali pake tangu asubuhi. Siku ile Chande hakuwa na maneno mengi. Alikuwa ameomba tu afunikwe, halafu akaomba afunuliwe.

Mizigo ya ujumbe ilikuwa mingi, na yote ilikuwa leso. Walianza vizuri. Kugonga mara moja, sanduku likapanda. Kugonga mara moja, lingine. Baadaye kugonga kukawa kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa watu asiowajua. Nyange alibana kiganja zaidi kwenye bati. Akapanda ndani, akapanga, akampa maji.

"Tupumzike?"

"Wamalize waende," Chande alisema. "Wakienda ndiyo wanarudi."

Nyange akashuka. Akakumbatia begi la ngozi la kahawia, lenye lebo ya Dakta Mtambalike. Akaweka kiganja. Akasubiri.

Hakugongewa.

Alisubiri. Injini zilianza kunguruma, zikazimwa. Ngoma zilichoka, zikanyamaza. Juu, kwenye madirisha, nyuso za ujumbe zilitazama chini. Mwishowe Dakta Mtambalike alishuka ngazi, akamjia kwa haraka, viatu vyake visafi vikitoa mlio kwenye lami.

"Mbona umesimama?"

"Nasubiri agonge, mheshimiwa."

Dakta alifungua mdomo. Pengine alitaka kusema kwamba kugonga kumekatazwa. Aliutazama mlango wa tumbo la ndege, uliokuwa wazi na mweusi. Kisha akautazama ubao kule langoni, uliokuwa ukionekana hata kutoka pale. Alisogea, akainua mkono wenye saa ya dhahabu, na akauweka kwenye ubavu wa ndege, karibu na kiganja cha Nyange.

"Mwambie agonge," alisema.

"Chande," Nyange aliita. "Gonga, shemeji."

"Ndugu Chande," Dakta akaita naye, kwa sauti ya ofisini. "Umeruhusiwa. Unaweza kugonga." Akangoja. Akasema tena, na safari hii sauti haikuwa ya ofisini. "Ndugu yangu, gonga hata kidogo tu."

Walisimama hivyo, viganja viwili kwenye bati, kwa muda ambao rubani alituma mtu kuuliza mara kadhaa kuna nini. Dakta hangeweza kupanda kutazama. Mwenye kutazama anaona, na Mkurugenzi akiona, imetokea. Nyange naye hakubonyeza kitufe. Wala hakuambiwa abonyeze.

"Basi," Dakta Mtambalike alisema mwishowe, akiondoa mkono wake na kuutazama. "Ndege imepata hitilafu ndogo. Mizigo iliyobaki itamaliziwa kesho."

Ujumbe ukashuka. Wengine walilalamika kuhusu jua. Mabegi yaliyobaki yalifunikwa turubai kando ya mkanda, na toroli zikarudishwa karakana. Jioni hiyo, kama ilivyo desturi, mtu alipanda ngazi langoni na kuongeza siku moja kwenye ubao.

Watu walipokwisha kuondoka, Nyange aliliweka chini begi la kahawia, akapanda, akaingia kwa magoti. Chande alikuwa amelala kwa ubavu, uso ameuelekeza ukutani. Mkono wake, uliokwisha kupoa, ulikuwa umenyooka, ngumi imekunjwa na kuegemezwa kwenye bati, vifundo vimegusa. Hakukuwa na njia ya kujua kama alitaka kugonga mara moja au mara mbili.

Nyange alikaa karibu naye, kichwa amekiinamisha kwa ajili ya dari. Kwa mbali alimsikia dada yake Siwema akiulizana na mlinzi wa lango, mlinzi akimwambia kwamba kazi haijaisha, wapakiaji wawili bado wako ndani.

"Nasubiri, shemeji," alisema, na kiganja chake akakiweka kwenye bati, kando ya vifundo vya Chande.